Sura ya Sita: Kikombe cha Uji

Saa nne asubuhi uji huwa tayari. Pembezoni mwa Kigali, kwenye nyumba ambazo majirani wamekubaliana kulea watoto kwa zamu, mchezo husimama, watoto hunawishwa mikono, kisha hukaa mkekani kungoja igikoma, kama Wanyarwanda wanavyouita uji. Mama mwenye zamu huchota kwa upawa na vikombe vya plastiki hupita mkono kwa mkono. Vikombe vikipungua, wawili hunywea kimoja. Mtoto wa miaka mitatu haulizi kikombe kilikuwa mdomoni mwa nani. Anachouliza ni kama uji una sukari.

Naanza na kikombe hicho kwa sababu Rwanda iliwadharau wakazi wake wa kale kabisa, Watwa, kupitia vyombo vya kulia na kunywea, kabla sheria au vitabu havijaandika lolote. Zamani pombe ya mtama na ya ndizi ilinywewa kwa mirija, imiheha, na waliokaa pamoja walipokezana mrija mmoja. Aliyepokea mrija alijua kwamba amehesabiwa kuwa mwenzao. Mtwa hakupewa mrija ule. Alimiminiwa yake kando, kwenye kigae au chombo alichokuja nacho, akaenda kunywea mbali. Na nyumba iliyomnyima mrija ndiyo iliyopikia inkono, chungu alichokifinyanga yeye, na kuchachusha pombe hiyohiyo ndani ya intango, mtungi mkubwa uliotoka mikononi mwake.

Kitendo hiki Wanyarwanda wanakiita kunena. Mswahili akilisikia neno hilo hushtuka, maana kwetu kunena ni kusema, tena kusema jambo lenye uzito. Kwao kunena ni kuona kinyaa, kumkirihi mtu hata usitake kugusa alichokigusa. Nimelibeba neno hilo kichwani tangu nilipoambiwa maana yake, na kadiri ninavyosoma habari za Watwa na watoto wao ndivyo ninavyoamini kwamba dawa ya lile la kwao iko katika lile la kwetu. Lililofanywa kimya kimya kwa vikombe na mirija halina budi kusemwa waziwazi, tena mapema, kabla mtoto hajajifunza kulitenda.

Watwa wa Rwanda ni wachache. Makadirio ya mashirika yao yanawaweka kati ya 30,000 na 40,000, chini ya asilimia moja ya wananchi. Wanazungumza Kinyarwanda kama wengine wote, kwa lafudhi yao ambayo wengine huiiga kwa kuwacheka. Mapokeo ya nchi, pamoja na wanahistoria wengi, yanawahesabu kuwa wa kwanza kuishi katika misitu ya milimani, wakiwinda, wakirina asali na kuchimba dawa. Waliobaki karibu na volkano za kaskazini waliitwa Impunyu. Wengine walishuka mapema mabondeni wakawa wafinyanzi, na wengine wakatumikia katika ikulu ya mwami, yaani mfalme, kama wachezaji ngoma, waimbaji na walinzi. Hawakuwa watu wa kuinamisha kichwa wakati wote. Basebya, kiongozi wa Kitwa aliyejichimbia katika kinamasi cha Rugezi, alisumbua utawala wa mwami na wa Wajerumani kwa miaka mingi mpaka Wajerumani walipomkamata na kumuua mwaka 1912. Mtoto wa Kitwa anayeambiwa kwamba wazee wake walikuwa ombaomba tu angestahili kulisikia jina la Basebya.

Misitu iliondoka kipande kwa kipande. Mwaka 1925 Wabelgiji walizifanya volkano kuwa sehemu ya Hifadhi ya Albert, ya kwanza ya taifa barani Afrika. Gishwati, msitu uliokuwa na hekta zipatazo 28,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulikatwa katika miaka ya 1980 ili kupisha ng'ombe na misonobari, kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Kisha wakaja wakimbizi wa vita na wakulima, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta kama 600 tu. Nyungwe ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na mwaka 2023 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Sokwe na nyani wana makao yanayolindwa kwa sheria. Waliojua kila mti wa huko walitoka bila fidia ya maana, wakabaki na udongo wa mfinyanzi.

Hapa ndipo hadithi inapogeuka kuwa ngumu, na sitaki kuirahisisha.

Mtu atokaye Kanada au Nyuzilandi akisikia habari hii atauliza mara moja: mbona serikali ya Rwanda haiwatambui Watwa kama wenyeji wa asili, ikawaandalia shule za awali zenye jina lao na utamaduni wao? Jibu liko katika madarasa ya zamani ya Rwanda. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwahesabu watu na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Baada ya uhuru vitambulisho vilibaki. Chini ya marais Kayibanda na Habyarimana nafasi za shule ziligawanywa kwa kabila, na mwalimu alikuwa akisimama mbele ya darasa na kuagiza: Wahutu wasimame, wakae. Watutsi wasimame, wakae. Watwa wasimame. Wanyarwanda wengi waliovuka umri wa miaka arobaini wanakumbuka asubuhi hiyo. Wapo waliosimama na kundi lisilo lao kwa sababu nyumbani hawakuwa wameambiwa wao ni nani, wakachekwa na darasa zima, wakarudi nyumbani kuuliza. Kwa hiyo kabila lilifundishwa darasani kwa kusimama na kukaa, kama vile hesabu zilivyofundishwa kwa vijiti.

Tarehe 7 Aprili 1994 yalianza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kwa muda wa siku mia moja hivi zaidi ya watu milioni moja waliuawa kwa hesabu ya serikali. Kitambulisho kile kilikuwa hati ya kifo kwenye vizuizi vya barabarani. Watwa nao walikufa kwa wingi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kama watu 10,000, karibu theluthi moja ya jamii yao yote, ingawa wapo pia waliovutwa upande wa wauaji. Kwenye kilima cha Gisozi mjini Kigali wamezikwa watu zaidi ya 250,000, na ndani ya jengo la kumbukumbu lililofunguliwa mwaka 2004 kuna chumba cha watoto. Ukitoka katika chumba kile hutaki tena kusikia mtu yeyote akimwagiza mtoto asimame kwa kabila lake.

Ndiyo maana serikali iliyofuata ililifuta kabila katika vitambulisho, ikatunga sheria dhidi ya ubaguzi mwaka 2001, na kuwafundisha watoto kwamba wao ni Wanyarwanda. Sina ugomvi na uamuzi huo. Lakini kila dawa kali ina pembe inayochoma. Shirika la Watwa lililoanzishwa mwaka 1995 liliitwa CAURWA, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya Jumuiya ya Wenyeji wa Asili wa Rwanda. Serikali ikaona kwamba kudai uenyeji wa asili ni kuwagawa raia, na baada ya mvutano wa miaka kadhaa shirika likabadili jina mwaka 2007. Sasa ni COPORWA, Jumuiya ya Wafinyanzi wa Rwanda. Mwenyeji akawa mfinyanzi. Jina likakabidhiwa kwa udongo, nalo ndilo lililobaki la kujitambulisha hadharani.

Katika lugha ya ofisi wanaitwa abasigajwe inyuma n'amateka, yaani walioachwa nyuma na historia. Katiba ya 2003, pamoja na ile iliyorekebishwa mwaka 2015, inamtaka Rais awakumbuke watu wa namna hii anapoteua maseneta wanane, na kwa njia hiyo Zephyrin Kalimba, aliyeliongoza shirika la Watwa kwa miaka mingi, aliingia Seneti mwaka 2012. Ni hatua, nami naiheshimu. Lakini maneno yale matatu yananikera. Historia haina mikono. Haikumfukuza mtu msituni, haikumnyima mtu mrija, haikumcheka mtoto darasani kwa lafudhi yake. Watu ndio waliofanya. Tukisema historia iliwaacha nyuma, hakuna anayehitaji kuomba radhi, na mtoto wa jirani aliyerithi kinyaa kutoka kwa bibi yake haelewi kwamba kuna kitu cha kuacha.

Nisije nikasahau sehemu yetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na huko Nyamirambo kilikuwa kikizungumzwa tangu enzi za Wajerumani, wafanyabiashara na askari walipojenga mtaa wao karibu na msikiti. Tumeingia nyumba ya watu, kwa hiyo tuangalie tunaingia na maneno gani. Kiswahili kina neno mbilikimo, neno linalompima binadamu kwa kimo. Vizazi vya wanafunzi Tanzania na Kenya vililisoma katika vitabu vya jiografia, kando ya picha ya mtu mwenye upinde. Tulifundishwa kwamba ni jina la kabila. Hakuna kabila la jina hilo. Kuna Watwa, kuna Wambuti, kuna Wabaka, na kila mmoja ana jina la mama yake. Waswahili wa Nyamirambo wanalijua jambo hili kwa upande wao pia, kwa kuwa Wabelgiji waliwafungia katika kambi yao, na mpaka leo neno umuswahili katika Kinyarwanda humaanisha mjanja asiyeaminika. Aliyewahi kuumwa na jina hana udhuru wa kumuuma mwenzake kwa jina.

Twende sasa kwa watoto wenyewe.

Kuna hadithi ambayo Wanyarwanda wengi waliisikia wakiwa bado magotini kwa bibi. Wana watatu, Gatwa, Gahutu na Gatutsi, walipewa kila mmoja chombo cha maziwa akilinde usiku kucha. Kulipokucha Gatwa alikuwa ameyanywa yote. Gahutu alisinzia akayamwaga. Gatutsi alibaki macho, na maziwa yake yalikuwa salama. Kwa hiyo mmoja akapewa kutawala, mwingine kulima, na wa kwanza akatolewa nje ya ufugaji na kilimo, awe mtu wa tumbo. Wamishonari na maofisa wa kikoloni waliipenda hadithi hii, wakaiandika kana kwamba ni hati ya mahakama. Nimeitafakari kwa muda mrefu kwa jicho la mlezi. Huyo Gatwa ni mtoto mwenye njaa aliyeachwa usiku na maziwa mbele yake. Mtoto yeyote wa miaka minne angeyanywa. Hadithi inamhukumu kwa kuwa mtoto, kisha inawahukumu watoto wake wote watakaozaliwa.

Siku hizi hadithi hiyo haisimuliwi shuleni, na ni vema. Lakini mkia wake bado upo nyumbani. Mtoto anayekula kwa pupa, aliyechafuka matope, anayelialia, anaambiwa asijifanye Mtwa. Anayesema hivyo hana nia ya kumdhuru mtu yeyote. Anamfundisha mwanawe adabu ya mezani. Na mwanawe, kwa somo hilo hilo, anafundishwa kwamba kuna watu wasio na adabu kwa kuzaliwa. Walimu wa watoto wadogo wanalijua jambo hili bila kusoma kitabu: mtoto wa miaka mitatu au minne hutazama mama yake anampa nani mkono na anamkwepa nani, akafanya vivyo hivyo kesho yake. Akifika darasa la kwanza akiwa na miaka sita, somo limekwisha. Hotuba za umoja zitakazokuja baadaye zitakuwa zinajenga juu ya msingi uliomwagwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuwapatanisha Wanyarwanda na Watwa hawezi kuanzia sekondari. Na bahati ni kwamba Rwanda, kuliko nchi nyingi za kanda yetu, imewekeza katika umri huo. Sera ya malezi na makuzi ya awali ilipitishwa mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2016. Mwaka 2017 uliundwa mpango wa taifa wa kuisimamia kazi hiyo, na mwaka 2020 kazi hiyo ikaunganishwa na ulinzi wa watoto ndani ya chombo kimoja, Wakala wa Taifa wa Maendeleo ya Mtoto. Kwa kuwa serikali haina uwezo wa kujenga chekechea kila kilima, ilihimiza zile nyumba za zamu nilizoanza nazo, ingo mbonezamikurire, na leo zipo kwa maelfu nchini kote. Msukumo mkubwa ulikuwa udumavu. Katika utafiti wa taifa wa afya wa 2014/15, watoto 38 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na mwaka 2019/20 idadi hiyo ilishuka hadi 33. Ndipo uji ukawa kiini cha yote, pamoja na unga wenye virutubisho uitwao Shisha Kibondo, unaogawiwa bure kwa mama wajawazito na watoto wadogo wa kaya maskini.

Naamini uji huu umefanya kazi ambayo haikuandikwa katika sera yoyote. Mahali ambapo mtoto wa mfinyanzi na mtoto wa mwenye duka wananywea vikombe vilivyochotwa kutoka sufuria moja, kunena kunakatwa mzizi bila mtu kuhutubia. Mama wa Kitwa akipewa zamu ya kukoroga, na majirani wakawaacha watoto wao wale alichokipika, lile lililoshindikana kwa karne nyingi limefanyika kabla ya saa tano. Lakini hapo pia ndipo penye mtego. Zamu hiyo inaweza isimfikie. Majirani wanaweza kumsifu kwa usafi wake na bado wakampangia kufagia ua badala ya kupika. Ni vigumu sheria kulizuia hilo, na hakuna takwimu itakayolionyesha, kwa kuwa serikali haihesabu watu kwa kabila. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto imeitajia Rwanda watoto wa Watwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2011 Gay McDougall, mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa wa masuala ya jamii ndogo, aliitembelea nchi na kusema wazi kwamba umaskini na dharau vimewaweka Watwa nyuma ya wenzao katika elimu. Wengi wao huacha shule mapema. Sababu zinajulikana: njaa, sare, daftari, wazazi wanaohama kutafuta vibarua, na kicheko cha wenzao. Mwaka huohuo wa 2011 kampeni ya kuondoa nyumba za nyasi, Bye Bye Nyakatsi, ilikuwa ikimalizika, na baadhi ya familia za Kitwa zilibomolewa nyumba kabla mpya hazijawa tayari. Mtoto aliyelala mvuani usiku hawezi kufundishika asubuhi.

Huko Kanada jambo hili lilikwenda kwa njia nyingine. Serikali na makanisa waliwachukua watoto wa asili wapatao 150,000 kutoka kwa wazazi wao kwa zaidi ya karne moja, wakawafungia katika shule za bweni ili wawasahaulishe lugha na mila. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipomaliza kazi mwaka 2015 ilitoa miito 94, na wa 12 kati yake unadai elimu ya awali inayoheshimu utamaduni wa familia hizo. Kanada iliwaingiza watoto shuleni kwa nguvu ili iwafute. Rwanda iliwaacha Watwa nje ya shule, au iliwafungulia mlango na kuwaacha wachekwe mpaka watoke wenyewe. Njia mbili tofauti, na mwisho wake unafanana: mtoto anayeona aibu kwa wazazi wake.

Funzo ambalo ningelichukua kutoka mbali si la Kanada, ni la Nyuzilandi. Mwaka 1982 Wamaori, walipoona lugha yao inakufa na wazee, walifungua viota vya lugha, kohanga reo, ambamo mabibi waliwalea watoto wachanga kwa Kimaori tupu. Hawakungoja wataalamu. Bibi ndiye aliyekuwa mtaalamu. Baadaye, mwaka 1996, serikali ilipotoa mtaala wa taifa wa elimu ya awali, Te Whariki, uliandikwa kwa lugha zote mbili na kusukwa juu ya fikra za Kimaori, kwa ajili ya watoto wote wa nchi, Wazungu wakiwemo. Watwa wa Rwanda hawana lugha tofauti ya kuokoa. Wana mikono. Na hapo Rwanda inaweza kufanya kitu ambacho hakiigombanishi hata kidogo na sheria zake za umoja, kwa kuwa hakimwagizi mtoto yeyote asimame kwa kabila lake.

Kila mwongozo wa elimu ya awali, Kigali kama Dodoma, unataka watoto wachezee udongo. Kufinyanga kunatia nguvu vidole vitakavyoshika kalamu, kunafundisha maumbo, kunatuliza mtoto mwenye fujo. Chekechea zenye uwezo hununua udongo wa plastiki wa rangi uliotoka ng'ambo. Chini ya kilima, bondeni, kuna ibumba, udongo halisi wa mfinyanzi, na kuna wanawake wanaoujua kuliko profesa yeyote: upi una mchanga mno, upi utapasuka motoni, unakandwa kwa muda gani, unachomwa kwa nyasi za aina gani. Kinyarwanda kufinyanga ni kubumba, neno ambalo Mswahili anayezungumzia bumba la udongo na Mungu aliyeumba dunia hahitaji mkalimani kulielewa. Mama huyo aitwe mwalimu. Simaanishi mgeni anayealikwa siku moja ya sherehe avae vazi la jadi, acheze ngoma ya intwatwa, apigwe picha, aondoke. Awe mwalimu mwenye siku zake katika ratiba na malipo yake mwisho wa mwezi, anayeamkiwa kwa heshima kama walimu wengine. Mtoto wa mwenye duka akijifunza chungu chake cha kwanza kutoka mikono hiyo, itakuwa vigumu sana kumfundisha baadaye kuionea kinyaa.

Lakini udongo wenyewe uko wapi? Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 iliyaweka mabonde yenye maji mikononi mwa serikali. Mengi yamegawiwa vyama vya ushirika vya mpunga na mboga, na mjini Kigali mabonde yanarudishiwa majani na maji ili mafuriko yapungue. Nyandungu, bonde lililokuwa limechakaa, ilifunguliwa mwaka 2022 kama bustani ya mapumziko, na ni pazuri, hewa yake ni safi. Sipingi mpunga, na sipingi bustani. Nasema tu kwamba mfinyanzi aliyekuwa akichota udongo bure chini ya kilima sasa anaununua kutoka kwa mwenye shamba au anaufuata mbali, huku beseni la plastiki na sufuria ya alumini vikiuzwa kwa bei ambayo chungu hakiwezi kushindana nayo. Jumuiya iliyolazimika kujiita ya wafinyanzi imeachiwa jina na kunyang'anywa udongo. Mtu hawezi kusema anawaheshimu wafinyanzi huku akiwazuia kugusa kinachowafanya wafinyanzi.

Majirani wanatuonyesha kwamba haya si ndoto. Burundi, baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000, katiba yake ya 2005 iliwatengea Watwa viti vitatu bungeni na vitatu katika Seneti, kwa kuwataja kwa jina. Uganda, Agosti 2021, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba Watwa waliofukuzwa Bwindi, Mgahinga na Echuya walitendewa kinyume cha haki na wanastahili kufidiwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini sheria ya kuwalinda wenyeji wa misitu Julai 2022. Kila nchi imekwama mahali fulani kwenye utekelezaji, na sitaki kuipamba yoyote. Rwanda imechagua kutotaja jina, na nimeeleza kwa nini naielewa. Lakini kutokutaja jina kwenye kitambulisho ni jambo moja, na kunyamazia kosa ni jambo lingine. Mwalimu wa chekechea anaweza kuwaambia watoto kwamba zamani watu walikataa kunywa pamoja na wenzao, kwamba lilikuwa kosa, na kwamba hapa kwetu hatufanyi hivyo. Hakuna kabila katika sentensi hizo, na hakuna mtoto atakayekosa kuzielewa. Tena Rwanda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, ambao kifungu chake cha 30 kinampa mtoto wa jamii ndogo au ya wenyeji wa asili haki ya kuufurahia utamaduni wake pamoja na watu wake. Mtoto wa Kitwa akitaka mwenyewe kujitaja, asizibwe mdomo.

Nawaomba basi Jiji la Kigali na Wakala wa Maendeleo ya Mtoto mambo mawili, nayo hayahitaji mfadhili. Katika kila bonde linalopangwa upya, kipimwe kipande cha udongo, kiandikwe kwa jina la ushirika wa wafinyanzi wa hapo. Na katika kila mtaa wenye familia za wafinyanzi, mmoja wao aingizwe katika orodha ya walezi wanaolipwa wa chekechea iliyo karibu, kwa udongo na kwa uji.

Nawe msomaji, popote unapokisomea Kiswahili hiki, Tanga, Mombasa, Bukavu au Maskati, ukimsikia mwanao akimwita mtu mbilikimo, msahihishe papo hapo, umwambie jina lao ni Watwa, kisha umweleze habari za vyungu.